Mjane Aliyepiga Kura Kabla Hajafika

Talmage, New Jersey
Tarehe 30 Novemba, 1807

Kwa dada yangu mpendwa Keziah,

Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ya wakati wa mavuno ya mahindi ilinifikia salama, nami nimeikalia kama kuku anayeatamia jiwe. Haikuwa dharau, dada. Uliniuliza swali moja tu, kwamba nitakuja lini huko New York nizeekee miongoni mwa watu wetu, nami sikuwa na jibu ambalo ningeweza kuliandika bila kuona haya. Sasa jibu ninalo, ingawa haya yenyewe haijaniacha.

Kabla ya hayo nakuuliza hali. Kifua chako kimepoa? Paa mliloezeka upya limehimili theluji ya kwanza? Nasikia baridi ya huko haina adabu, huja kabla ya kualikwa. Wasalimu wote walionikumbuka, hasa binti yako Ruth, ambaye najua ndiye anayekusomea maneno haya. Ruth, mwanangu, soma polepole, na ukifika mahali pa aibu usijifanye unakohoa ukaruka mstari. Mama yako atajua.

Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Magoti hulalamika asubuhi, lakini macho yananitosha kusuka viti kwa matete, na watu wa hapa bado wanahitaji mahali pa kukalia, kwani kukaa ndiyo kazi wanayoifanya kwa bidii kubwa. Kaburi la Tamar, mke wangu, nimelipalilia kabla ardhi haijaganda.

Utakumbuka siku mlipofunga mizigo, baada ya jimbo kuiuza ardhi ya misheni yetu sisi Wahindi wekundu, mlivyopitia hapa Talmage mkanisihi nifungashe nami. Niliwajibu kwa majivuno. Nilisema kwamba ninyi mnaondoka kwa sababu mmekubali kuwa wageni, lakini mimi ni mkazi, na sheria ya nchi inanihesabu. Wewe uliniangalia tu, dada, ukafunga kamba ya mzigo wako. Naomba unisamehe kwa maneno yale. Nitakueleza yalikotoka, kisha nitakueleza yalikoishia.

Wakati wa vita, merikebu za Mfalme wa Uingereza zilipokuwa zimetanda nje ya pwani yetu, waheshimiwa wa jimbo hili waliandika katiba yao kwa haraka ya mtu anayeokoa vyombo nyumba ikiungua. Ndani yake waliandika kwamba wakazi wote waliotimiza umri, wenye mali ya kiasi fulani, watapiga kura. Wakazi wote. Hawakuandika wanaume, wala hawakuandika weupe. Wapo wanaosema ilikuwa hekima, na wapo wanaosema walisahau tu. Mimi kwa miaka mingi niliamini ilikuwa hekima. Nilikuwa na nyumba na karakana, nikaenda kupiga kura, na hakuna aliyenizuia.

Baadaye wakubwa wa majimbo yote walijifungia ndani ya jumba moja kule Philadelphia majira yote ya joto, madirisha yakiwa yamefungwa, wakatoka na katiba kubwa inayoanza kwa kusema Sisi Watu. Sijui kwa nini mtu mwenye neno la watu wote aliandike huku amewafungia watu madirisha, lakini mimi si msomi. Humo ndani mtumwa amekatwa mafungu matano yakahesabiwa matatu, ili bwana wake apate viti zaidi bungeni. Yale mawili yaliyobaki sijaambiwa yalizikwa wapi. Sisi wenye nchi tumetajwa kwamba tusiolipa kodi hatuhesabiwi. Mimi nalipa kodi. Basi nikajiona nimo, nikayakariri maneno yale kama Mchungaji wa misheni alivyonikaririsha Zaburi.

Hapa Talmage msomaji wa maneno hayo ni Kanali Lemuel Thrale. Kila tarehe nne ya Julai hupanda juu ya kiti mbele ya kanisa, husoma Azimio la Uhuru hadi mwisho, kisha husimulia jinsi alivyopigwa risasi katika mguu wa kushoto, mguu ambao huuburuta hadi leo kwa namna ambayo hakuna mwingine katika wilaya nzima anayeburuta mguu hivyo. Mwaka wa kwanza baada ya vita risasi ilikuwa moja. Siku hizi zimezaana. Akifika kwenye maneno kwamba watu wote wameumbwa sawa, sauti hukwama, machozi hutoka, na mtumwa wake aliye nyuma ya umati humpelekea leso.

Sasa ni lazima nikujulishe kwa mtu mwingine, na hapa Ruth asikohoe. Yuko mjane anayeitwa Violet Cumming. Ni mwanamke mweusi, aliyezaliwa utumwani akajinunua mwenyewe. Marehemu mumewe alikuwa baharia. Ana nyumba yake mwenyewe, na chini yake kuna ukumbi anamouza supu ya chaza na mkate wa tangawizi. Kwa sheria ya hapa, mke hana mali: chochote alicho nacho ni cha mumewe, na asiye na mali hapigi kura. Mumewe alipokufa, mali ikawa yake, na mwaka huohuo alivaa shali lake jeupe akaenda kupiga kura. Hakuwa amekosa uchaguzi hata mmoja tangu hapo, hadi mwaka huu.

Mimi nilimposa. Naomba radhi kwa kutokukuandikia wakati ule. Nilimwendea kwa heshima, nimenyoa ndevu, nikamweleza kwamba sisi sote wawili tumeonja upweke na kwamba mimi ni mtu wa kanisani, mpole, nisiyekunywa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mzee Obadiah, kwanza nilikuwa mali ya bwana. Halafu nikawa mke wa mtu. Tangu nifiwe ndiyo nimekuwa mtu. Sasa unaniambia nirudi nyuma, kwa ajili ya kuota moto pamoja?" Nikamjibu kwamba nisingemzuia kupiga kura. Akasema, "Najua wewe hungenizuia. Sheria ndiyo ingenizuia, na sheria haina upole wako." Kisha akanikatia kipande cha mkate wa tangawizi, kikubwa kuliko cha wateja. Kila majira ya kuchipua nilimposa tena, na kila mara alinikatalia kwa sababu ileile, na kipande kilizidi kuwa kikubwa. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye nami ningekataa.

Mwanzoni mwa mwaka huu ukatokea ugomvi wa jengo la mahakama. Wilaya ilitaka kujenga jipya, na watu wa Talmage walitaka lijengwe hapa, na watu wa Dunfield, mji ulio ng'ambo ya mto, walitaka lijengwe kwao. Ikaamuliwa kwamba wakazi wapige kura kwa siku tatu. Dada, niliwaona watu hawa wakienda vitani na kurudi, na sijapata kuwaona na ari kama hii. Siku ya kwanza walipiga kura wenye haki. Siku ya pili walipiga kura wenye magari ya farasi, maana mtu alipiga hapa, akapakiwa, akapiga kijiji cha pili, akapakiwa tena. Dunfield walifanya hivyohivyo, tena kwa kuimba. Siku ya tatu wanaume wa Talmage waliokwisha kupiga kura zao zote kama wanaume walikumbuka kwamba katiba inawaruhusu wajane.

Nilikuwepo. Kiti cha msimamizi wa sanduku, Bwana Garrabrant, kilikuwa kimepasuka, nami nikaitwa kukisuka palepale kando ya meza. Nikiwa nimepiga magoti na matete yangu mdomoni niliona wajane wakiingia ambao mji huu haujapata kuwazika waume zao. Mmoja alikuwa na kofia ya mwanamke na kiko. Mwingine alikuwa shemasi wa kanisa letu, amejitanda shali, na alipoinama kutia kura gauni likapanda tukaona suruali na buti za kuvulia samaki. Bwana Garrabrant alimwambia, "Pole kwa msiba, mama," na chumba kizima kikaangua kicheko.

Kisha akaja mwanamke mrefu mwenye gauni la kijani, amejipaka masizi usoni na mikononi. Masizi yalikoma kwenye masikio, na masikio yenyewe yalikuwa mekundu kama ya nguruwe aliyechemshwa. Alisema kwa sauti nyembamba kwamba yeye ni Violet Cumming, mjane. Akatia kura. Akageuka kuondoka, akiuburuta mguu wa kushoto. Muda si muda akarudi, jasho likiwa limemchora michirizi shavuni, akasema tena kwamba yeye ni Violet Cumming. Akatia ya pili. Mtu akampigia mluzi, naye akainua pindo la gauni kidogo na kuinama kwa madaha. Huyo, dada, ndiye anayelia kila Julai kwa ajili ya usawa wa watu wote.

Adhuhuri Bi Violet mwenyewe akaja, na shali lake jeupe, na unga ukiwa bado kwenye kiwiko, kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa akioka mkate wa uchaguzi, ule wa kuwauzia wapiga kura. Bwana Garrabrant akamwambia, "Ah, Bi Violet. Leo umeshapiga mara mbili. Ya tatu itakuwa uroho." Watu wakacheka. Akauliza ni nani aliyepiga, maana yeye alikuwa tanurini. Garrabrant akasema, "Alikuwa mweusi, alivaa gauni, akasema yeye ni wewe. Mimi ningejuaje?" Akamwambia, "Garrabrant, unakula supu yangu kila Jumamosi. Hunijui?" Naye akajibu, "Ukiwa na bakuli mkononi nakujua." Bi Violet akaniangalia mimi, niliyekuwa bado nimepiga magoti, nikasimama na kusema kwa sauti kwamba huyu ndiye Violet Cumming na wale wa kwanza hawakuwa yeye. Mtu nyuma akasema, "Kaa chini, Mhindi, kiti hakijaisha." Bi Violet akaondoka bila kupiga kura. Hakulia. Alipita katikati yao wakampisha, na ule mkate wote wa uchaguzi aliwatupia bata.

Talmage ilishinda kwa kura nyingi kuliko watu wake, hata ukiwahesabu wafu na ng'ombe. Dunfield, waliokuwa wameiba vilevile ila kwa uvivu zaidi, wakapeleka malalamiko katika bunge la jimbo. Uchaguzi ukafutwa. Ungedhani basi kwamba wangewatafuta waliovaa magauni. Waheshimiwa walikaa, wakatafakari, wakaona kwamba tatizo limetoka kwa wanawake na watu weusi, kwa sababu kama wanawake na weusi wasingekuwa na kura, mwanamume asingepata haja ya kujipaka masizi. Mtu akiiba farasi akiwa amevaa koti lako, basi unavuliwa koti.

Mwezi uliopita walikuja waheshimiwa watatu, wakakaa katika hoteli ya hapa kusikiliza mashahidi. Siku moja kabla, mchana, Kanali Thrale aliingia karakanani kwangu. Akavuta kiti, akakijaribu kama kinayumba, akaketi na kuunyosha ule mguu. Akaniambia, "Mzee wangu, wewe ni mtu wa Biblia, hakuna asiyekuamini. Kesho utaulizwa kitu kidogo tu: ulimwona mwanamke mweusi akipiga kura zaidi ya mara moja? Sema ndiyo, urudi kwenye matete yako. Si uliona?" Nikamjibu kwamba niliona gauni. Akasema, "Basi sema gauni," akacheka mpaka akakohoa.

Alipoona sicheki, akalegeza sauti. Akasema, "Tumia akili, mzee. Mji mzima unajua unavyomfukuzia yule mjane. Anakukatalia kwa sababu ya kura, sivyo? Haya, kura ikiondoka, atakukatalia kwa sababu ya nini? Sura yako? Mimi nakutafutia mke, wewe unaninunia." Nikamuuliza, kwa heshima, kura yangu mimi itakuwaje. Akasema, "Yako nayo itaondoka, ndiyo, sikufichi. Lakini ukishakuwa na mtu wa kukupikia supu bure, kura utaifanyia nini?" Akanipiga bega kirafiki, akaondoka, na kiti alichokalia nikakitoa nje.

Dada, sitakudanganya. Maneno yale yaliingia. Niliyachukia, nayo yaliingia. Mimi ni mzee, nyumba yangu ina baridi, na kile alichokisema kilikuwa kweli: kati yangu na Bi Violet palikuwa na kitu kimoja tu, nacho kilikuwa kinakwenda kuondolewa bila mimi kunyoosha kidole. Nisingehitaji hata kusema uongo. Ningesema niliona gauni. Jioni ile nilishindwa kusali, kwa sababu sikujua niombe kipi.

Kesho yake nilibusu Biblia na kuapa. Nikasema niliona mtu mwenye gauni la kijani na masizi akipiga kura mara mbili kwa jina la Violet Cumming, na kwamba mtu huyo ni Kanali Lemuel Thrale, aliyeketi pale karibu na moto. Kanali hakuona hata haya ya kuinamisha kichwa. Alisema tu, "Maskini, mzee amezeeka. Matete hula macho." Mkubwa wa wale watatu, mtu mwenye adabu nyingi, akaniuliza kama mimi ni katika Wahindi wekundu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nimekuwa nikipiga kura. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi, mzee, kura yako mwenyewe iko mashakani katika jambo hili. Una maslahi. Hatuwezi kuupokea ushahidi wa mtu mwenye maslahi." Karani akaiweka kalamu chini. Nikamwambia kwamba, kwa heshima zote, maslahi yangu yalikuwa upande mwingine kabisa. Hakunielewa, nami sikumfafanulia. Nilimshukuru kwa muda wake, nikatoka. Nyuma yangu alifuata shemasi wa buti, naye akaapa kwamba aliwaona wanawake weusi wengi, na hakuonekana kuwa na maslahi yoyote.

Sheria ilipita katikati ya mwezi huu. Kuanzia sasa anayepiga kura katika jimbo hili ni mwanamume, mweupe, huru, mlipa kodi. Wameandika kwamba wamefanya hivyo kuondoa mashaka juu ya maana ya katiba, na kwa ajili ya usalama, utulivu, utaratibu na heshima ya jimbo. Mimi sikuwa na mashaka, wala simjui mkazi aliyekuwa nayo. Kuhusu heshima, nimeiona ikiwa imevaa gauni la kijani, nami siitamani. Kanali Thrale ndiye aliyetusomea tangazo kwenye ngazi za kanisa. Machozi hayakumtoka safari hii.

Nikaenda kwa Bi Violet. Nilimkuta akifungua chaza kwa kisu kifupi, na kwa jinsi alivyokuwa akizifungua nilimshukuru Mungu kwa kutoniumba chaza. Bila kuinua uso akaniuliza, "Umekuja kuposa au kuzika?" Nikamwambia sikuja kwa lolote kati ya hayo, nimekuja kukaa kimya, kama atanivumilia. Akasema, "Kanali kapita hapa kunipongeza. Eti sasa niko huru kuolewa. Na Garrabrant anasimulia ushahidi wako kama kichekesho. Nimemnyang'anya bakuli hajamaliza." Akafungua chaza kadhaa zaidi. Kisha akasema, "Ungenyamaza, ungenipata rahisi." Nikasema nisingejua nimempata nani.

Akaweka kisu chini. Akaniuliza, kama mtu anayefanya mtihani, kwamba tukifunga ndoa mbele ya Mchungaji, nyumba hii itakuwa ya nani. Nikasema kwa sheria itakuwa yangu. Na tanuri? Yangu. Na hiki kisu? Nikaangalia chini nikasema changu. Akasema, "Kura wameichukua. Nyumba bado. Unataka niwapelekee na nyumba, tena nimevaa shada la maua?" Nikasema sitaki. Halafu akaniuliza jambo ambalo katika miaka yangu yote miongoni mwa watu hawa hakuna aliyewahi kuniuliza: "Na kwenu je? Kwa mama yako ilikuwaje?"

Mchungaji wetu wa misheni, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Alinifundisha kusoma na kuandika, na alinifundisha kwamba desturi za mama yetu ni giza, nami nilimwamini, nikazifunika kama mtu anavyofunika kidonda. Wewe hukupelekwa shule, kwa hiyo hukuzisahau. Ilinibidi nikae pale kwenye ukumbi wa supu nizitafute moja moja. Nikamwambia kwamba kwetu nyumba ni ya mwanamke, na shamba la mahindi ni lake, na watoto ni wa ukoo wake. Mume huja na vifaa vyake vya kazi na nguo zake, basi. Wanawake wakubwa wa ukoo ndio husema ni nani anafaa kuwa kiongozi, na asipofaa humwambia hivyo. Na mwanamke akichoshwa na mumewe haendi kwa hakimu. Huchukua vifaa vya yule mtu akaviweka nje ya mlango, naye akirudi akiviona anajua.

Akaniambia nirudie kile kipande cha mlango. Nikarudia. Akacheka, dada, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akafuta macho kwa kiwiko, akasema, "Na ninyi ndio mlioletewa wamishonari?" Kisha akasema kwamba hiyo ndiyo katiba ya kwanza aliyowahi kuisikia ambayo haikuandikwa na mtu aliyekuwa anamwogopa.

Sasa nafika mahali palipochelewesha barua hii. Ruth, usiruke. Siku iliyofuata nilipakia kwenye mkokoteni kisu changu cha matete, nyundo, kigoda, Biblia na nguo zangu, nikausukuma barabara kuu yote mchana kweupe, watu wakiangalia, nikaingia kwake. Mchungaji wa hapa hakutuunganisha. Hakimu hakutuandika. Kwa sheria ya New Jersey yeye ni mjane Cumming, na nyumba ni yake, na mimi si chochote. Ninaiandika barua hii kwenye meza yake. Kanisa limenizuia kushiriki Meza ya Bwana. Aliyeniletea habari ni yule shemasi, akiwa na suruali safari hii. Jambo hilo linaniuma, na sitajifanya haliniumi. Nimeishiriki Meza ile tangu utotoni. Lakini nilipojaribu kutubu sikuona pa kuanzia.

Hata hivyo sikuja hapa kihalali, hata kwa desturi yetu, kwa sababu kwetu mwanamume hajiozi. Hunenewa na wanawake wa ukoo wake, na katika ukoo wetu aliyebaki mkubwa ni wewe. Nilikuacha ufunge mizigo peke yako, nikajigamba kwa sheria ya watu hawa, na leo nakuja kwako na ombi. Nakuomba useme neno lako, ndiyo au hapana. Hakuna atakayekuuliza mali yako wala rangi yako, na hakuna atakayelisema kwa niaba yako kabla hujafika. Ukisema hapana, nitavitoa vifaa vyangu mwenyewe, nami sitabishana, kwa kuwa Bi Violet amesema yeye naye hatakubali kinyume cha neno lako. Ukisema ndiyo, tutakuja majira ya kuchipua akuone na umwone, kisha turudi. Hatauza nyumba. Anasema kama wanataka mji usio na kura yake, basi wauvute moshi wa tanuri lake kila siku. Hilo ndilo jibu la swali lako, dada: sitakuja kuzeekea huko. Si kwa sababu mimi ni mkazi wa jimbo hili. Sasa siko katika hesabu yao, na nimegundua kwamba ninalala vizuri.

Nisamehe urefu wa barua na ukali wake. Nilifundishwa kuandika kwa upole na nimejitahidi. Wasalimu jirani zako na wazee wote. Mwambie Ruth nitamsukia kiti kidogo cha mtoto wake. Bi Violet anakutumia mkate wa tangawizi uliofungwa kwa kitambaa. Ukifika umekauka, uchovye katika maziwa ya moto. Ananiamuru pia nikuandikie, kwa kuwa amesema ni haki yako kuujua ukweli kabla hujatoa neno, kwamba juzi nilimwaga supu nzima sakafuni, na jana nilikoroma, na hadi asubuhi ya leo vifaa vyangu bado viko ndani.

Ni mimi ndugu yako mtiifu, ninayengoja neno lako,

Obadiah Wequip